Hodi kabla ya kuvunja mlango: anwani, polisi na haki za mwenye nyumba

Najua niliahidi sehemu ya tatu ya mfululizo wa hifadhidata, na itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo lakini nataka tuzungumze kuhusu milango. Ndiyo, milango ya nyumba. Nivumilieni kidogo, mtaona kwamba hatujaenda mbali na kompyuta.

Kaka yangu mkubwa anaishi Minnesota kule Marekani, karibu na mji wa Minneapolis. Anafanya kazi ya usiku katika makao ya wazee na kulala mchana. Majuzi alinipigia simu akiwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la fani yangu: jirani yake, mama mzee kutoka Ethiopia, anaomba nywila ya waifai ili azungumze na wajukuu wake. Je, ampe? La pili halikuwa la fani yangu kabisa: mwenzake wa kazini anamshauri anunue bastola ya kulinda nyumba, maana sheria ya huko inaruhusu. Akasema, "Wewe mdogo wangu ndiye unayependa kusoma. Nisomee, kisha uniambie."

Basi nikasoma, jioni baada ya jioni. Maswali yale mawili, ambayo niliyaona hayahusiani hata kidogo, yakanifikisha mahali pamoja: kwenye mlango wa mtu aliyelala, na polisi wanaingia bila kubisha hodi.

Hodi ni sheria, si adabu tu

Sisi tuliolelewa na Kiswahili tunajua kazi ya hodi. Unabisha, unangoja kuitikiwa, na ukibisha mara tatu usipate jibu unarudi ulikotoka. Polisi bila shaka hawezi kurudi alikotoka, lakini hata yeye ana hodi yake. Mwaka 1604 majaji wa Uingereza, katika kesi inayojulikana kwa jina la Semayne, walisema kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Ofisa wa mfalme anaweza kuivunja akiwa na amri halali, lakini kwanza aseme yeye ni nani, amekuja kwa nini, na aombe kufunguliwa.

Kanuni hiyo ilivuka bahari pamoja na Waingereza. Huko Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1995, katika kesi ya Wilson dhidi ya Arkansas, kwamba hodi ni sehemu ya Marekebisho ya Nne ya Katiba, yale yanayomlinda raia dhidi ya upekuzi usio na sababu. Hadi hapo mambo ni mazuri. Kisha yakaja mapengo.

Mwaka 1997, katika kesi ya Richards dhidi ya Wisconsin, mahakama hiyo hiyo ilisema polisi wanaweza kuruka hodi wakiwa na shaka ya msingi kwamba kubisha kutaleta hatari, hakutafaa kitu, au kutampa mshukiwa nafasi ya kuharibu ushahidi, kwa mfano kumwaga dawa za kulevya chooni. Ilikataa hata hivyo kusema kwamba kila kesi ya dawa za kulevya inaruhusu hilo. Katika majimbo mengi jaji anaweza pia kutoa mapema hati ya upekuzi inayosema wazi: ingieni bila kubisha.

Na hodi yenyewe ni ya muda gani? Mwaka 2003, katika kesi ya Banks, polisi walingoja sekunde kati ya 15 na 20 kisha wakavunja mlango. Mahakama ikasema inatosha. Mwenye nyumba alikuwa bafuni anaoga. Mimi nikamfikiria kaka yangu, aliyetoka zamu saa moja asubuhi, amelala fofofo na mapazia yamefungwa. Sekunde 15 hata miwani hajaipata.

Pengo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2006, katika kesi ya Hudson dhidi ya Michigan. Polisi waliita, wakangoja sekunde tatu hadi tano, wakaingia. Serikali ilikubali kwamba kanuni ya hodi ilivunjwa. Hata hivyo, kwa kura 5 kwa 4, majaji waliamua kwamba ushahidi uliopatikana hautupwi nje ya kesi. Kwa lugha yetu ya programu: kanuni imeandikwa, lakini ukiivunja mfumo hautoi hitilafu yoyote. Na kanuni isiyotoa hitilafu, ninyi mnajua inafuatwa vipi kazi zikibanana.

"Una uhakika unataka kufuta?"

Kila programa anajua kuna amri za kawaida na kuna amri zisizorudi nyuma. Ukibadilisha rangi ya kitufe, utairudisha kesho. Ukifuta jedwali zima la wateja, limekwenda. Ndiyo maana kabla ya kufuta mfumo hukuuliza, "Una uhakika?" Swali hilo halipo kwa sababu programa anakudharau. Lipo kwa sababu data huwa na makosa, na hapo ndipo nafasi ya mwisho ya kuyaona.

Hati ya upekuzi nayo ni data. Ina anwani, ina jina, ina maelezo ya mpasha habari. Imekaguliwa kituoni, ikakaguliwa na jaji, lakini wote hao wamekagua karatasi. Mlangoni ndipo karatasi inapokutana na mtu kwa mara ya kwanza. Ukibisha na kungoja, mtu wa ndani anapata nafasi ya kuona sare, na ya kusema, "Huyo mnayemtafuta alihama." Ukiondoa hodi, umeondoa ukaguzi wa mwisho kabla ya amri isiyorudi nyuma.

Mtaniuliza, je, anwani hukosewa kweli? Tuangalie.

Shamba la Kansas na duka la dawa la Nairobi

Kuna kampuni inayoitwa MaxMind, inayouza hifadhidata ya kukisia anwani ya IP iko wapi duniani. Mara nyingine hifadhidata hiyo ilijua tu kwamba IP fulani iko Marekani, basi. Kwa kuwa programu zinataka namba, wakaweka jibu la kawaida: nukta iliyo karibu na katikati ya nchi, latitudo 38 na longitudo -97. Nukta hiyo iliangukia shambani, karibu na kijiji cha Potwin, jimbo la Kansas. Habari hii ilipofichuliwa mwaka 2016, anwani za IP zaidi ya milioni 600 zilikuwa zikielekezwa kwenye shamba hilo. Kwa miaka mingi waliokaa hapo walitembelewa na polisi, maafisa wa serikali kuu, magari ya wagonjwa, na watu wenye hasira waliodai wameibiwa mtandaoni. Kampuni baadaye ilihamisha nukta yake, ikaiweka ndani ya ziwa.

Mimi sikushangaa sana, maana niliwahi kufanya kazi kwenye programu ya kupeleka vifurushi hapa Nairobi. Wateja wetu waliandika anwani kama "geti la bluu, baada ya kanisa". Huduma ya ramani tuliyokuwa tukiitumia ikishindwa, ilirudisha katikati ya mtaa bila kusema imeshindwa. Katika mtaa mmoja katikati hiyo ilikuwa juu ya paa la duka la dawa, na mwenye duka alichoka kuulizwa kama ndiye aliyeagiza viatu. Kilichotuokoa hakikuwa ramani. Ni vijana wa bodaboda, waliofika, wakazima pikipiki, wakapiga simu: "Niko hapa nje. Ni wewe uliyeagiza?" Hiyo ndiyo hodi yenyewe. Kifurushi hakiachwi mpaka mtu amesema ndiye.

IP si mtu

Sasa turudi kwenye waifai ya kaka. Mwezi Juni 2012, mjini Evansville, jimbo la Indiana, mtu aliandika vitisho dhidi ya polisi mtandaoni. Polisi walifuata anwani ya IP mpaka nyumba ya mama wa miaka 68 aliyeishi na binti yake. Kikosi maalum kilivunja mlango na dirisha, kikarusha mabomu ya kishindo na mwanga, huku kamera ya televisheni ikifuata nyuma. Wale wanawake wawili walitiwa pingu. Waifai ya nyumba hiyo haikuwa na nywila, na aliyeandika vitisho alikuwa kijana wa nyumba ya jirani aliyeiazima bila kuomba. Alipojulikana, polisi hawakumvunjia mlango. Walimwomba kwa upole aje kituoni, akaja. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilikataa kuwapa polisi hao kinga ya kutoshtakiwa, ikieleza kwamba hawakufanya uchunguzi wa kutosha kabla ya kuvamia.

Nilimweleza kaka jambo ambalo wengi hawalijui: hata ukiweka mtandao wa wageni kwenye ruta yako, ukiangaliwa kutoka nje ni IP ile ile moja. Kwa mtoa huduma, wewe na mgeni wako ni kitu kimoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo nimnyime mama wa watu asione wajukuu wake kwa sababu polisi hawajui kuhesabu watu?" Sikuwa na jibu la kitaalamu. Akampa. Nami sikumlaumu, hatari kubwa ni waifai iliyoachwa wazi kwa kila apitaye, si bibi mmoja unayemjua kwa jina. Mzigo wa kujua kwamba IP si mtu ungefaa kubebwa na mwenye hati na bunduki, si na bibi wa jirani.

Swali la bastola

Hili ndilo lililoninyima usingizi. Majimbo mengi ya Marekani yanampa mtu haki ya kujilinda kwa silaha dhidi ya anayevunja nyumba yake. Sheria hiyo hiyo inampa polisi haki ya kuvunja mlango akiwa na hati, mara nyingine bila kubisha. Kila moja kwa upande wake inaeleweka. Ziweke pamoja gizani, na una watu wawili ambao kila mmoja anaamini sheria iko upande wake.

Mwezi Novemba 2006, Atlanta, Kathryn Johnston, bibi aliyetajwa kuwa na miaka 92, aliona mlango wake ukivunjwa na watu wasiovaa sare. Alifyatua risasi moja. Polisi walifyatua 39, akafa. Hati ilipatikana kwa maelezo ya uongo, na baadaye polisi walihukumiwa jela.

Tarehe 13 Machi 2020, Louisville, polisi waliingia usiku wa manane nyumbani kwa Breonna Taylor, miaka 26. Hati iliruhusu kuingia bila kubisha; wao walisema walibisha. Mpenzi wake alidhani ni wavamizi, akafyatua risasi moja kwa bunduki aliyoimiliki kihalali. Polisi walijibu, Taylor akafa. Yule kijana alishtakiwa kwa jaribio la kuua, kisha mashtaka yakafutwa. Mwezi Juni mwaka huo baraza la jiji likapiga marufuku hati za aina hiyo.

Na tarehe 2 Februari 2022, Minneapolis kwenyewe, karibu na kwa kaka yangu, Amir Locke wa miaka 22 alikuwa amelala kwenye kochi katika nyumba ya ndugu zake. Polisi waliingia kabla ya saa moja asubuhi kwa hati ya kutobisha. Jina lake halikuwa kwenye hati. Aliamshwa na kelele, akaonekana na bastola mkononi. Alikuwa na kibali chake. Chini ya sekunde kumi tangu mlango ufunguliwe alikuwa amepigwa risasi. Waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki aliyempiga. Mwezi Aprili mji ulibadili kanuni: polisi wabishe, wajitambulishe, wangoje sekunde 20 mchana na 30 usiku.

Kaka aliposikia hili la tatu aliniuliza nyumba yenyewe iko wapi. Nilipomtajia akasema basi lake la kazini hupita hapo. Bastola hakununua. Alinunua taa ya mlangoni na namba kubwa ya nyumba, za kuonekana kutoka barabarani. Mimi nilimwambia kwamba hayo ni marekebisho ya data, akacheka.

Basi mwenye nyumba ana haki gani?

Mimi si wakili, na ukiwa na kesi tafuta wakili. Lakini haya ndiyo niliyomwandikia kaka:

1. Hati ya upekuzi lazima itaje mahali mahususi. Hati ya nyumba namba 12 haimruhusu polisi kuingia namba 14. Lakini mahakama imesamehe makosa ya kweli, kama katika kesi ya Garrison ya mwaka 1987, ambapo polisi hawakujua kwamba ghorofa moja ina nyumba mbili.

2. Kama wamebisha, una haki ya kuuliza ni akina nani na kuomba kuona hati. Kama hawana hati na wanaomba ruhusa tu, unaweza kukataa kwa maneno.

3. Wakiingia, usipigane nao. Mikono ionekane. Sema wazi, "Sikubali upekuzi huu," kisha nyamaza. Neno hilo haliwazuii, lakini litakusaidia mahakamani. Jimbo la Indiana lilibadilisha sheria mwaka 2012 kuruhusu mtu kupinga polisi anayeingia isivyo halali, lakini haki ya aina hiyo huthibitishwa baadaye, na huenda usiwepo.

4. Una haki ya kunyamaza na ya kuomba wakili.

5. Andika kila kitu mara wakitoka: saa, maneno, namba za magari, picha za mlango. Omba orodha ya walivyochukua.

6. Fidia ni ngumu. Mwezi Oktoba 2017, karibu na Atlanta, maafisa wa FBI walivunja mlango wa familia moja alfajiri, wakarusha bomu la kishindo, mtoto wa miaka saba akiwa ndani. Nyumba haikuwa yenyewe. Kiongozi wao alieleza kwamba kifaa chake cha GPS ndicho kilichompeleka hapo, na kifaa hicho alikuwa ameshakitupa. Familia ilishtaki serikali chini ya sheria iliyorekebishwa mwaka 1974, baada ya mawakala wa dawa za kulevya kuvamia nyumba zisizo zao huko Collinsville, Illinois, mwaka 1973. Hata hivyo mahakama za chini ziliikataa kesi. Ni Juni 2025 tu Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, iliposema kesi isikilizwe upya. Haikuwapa fidia, iliwapa nafasi ya kusikilizwa, miaka karibu minane baadaye.

Na hapa kwetu?

Wengi mtaniuliza. Hodi ile ya mwaka 1604 ilifika Kenya pia. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu polisi kuvunja mlango baada ya kueleza mamlaka yake, kusema amekuja kwa nini, na kuomba kufunguliwa, akikosa njia nyingine ya kuingia. Kifungu cha 119 kinataka hati ya upekuzi itumike kati ya jua kuchomoza na kutua, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda nyumba yako isipekuliwe ovyo, na ibara ya 50(4) inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zako utaondolewa ikiwa kuutumia kutaharibu haki ya kesi au heshima ya mahakama. Kwa hiyo kwenye karatasi, hilo la mwisho ni zaidi ya walichopata Wamarekani katika kesi ya Hudson. Karatasi na mlango, tumeshasema, ni vitu viwili. Na sote tunajua hapa kwetu hata majambazi hupiga kelele, "Fungua, polisi!" Ndiyo maana kujitambulisha kwa kweli, kwa sare na kitambulisho, si urembo.

Sasa ninyi wenzangu mnaoandika mifumo. Data tunazotengeneza hazibaki kwenye skrini. Mtu anazichapisha, anazipeleka kwa jaji, kisha kwenye mlango. Programu yako isipojua jibu, iseme haijui. Isitoe nukta ya katikati kwa kujiamini. Iseme pia ina uhakika wa mita ngapi, na kumbukumbu zake zisitupwe kama ile GPS.

Kazi kwenu: fungueni mfumo mnaoushughulikia wiki hii, mwupe anwani ambayo haipo, kisha mniandikie kwenye maoni umerudisha nini. Nitaanza mimi na wangu. Sehemu ya tatu ya hifadhidata, Mungu akipenda, Jumatatu ijayo.